Panya akifa, jiulize kwanza kafa na nini

Mkuu uliyeuliza kama kuna maana yoyote kusoma virusi vya ubongo kwa kutumia panya wakati panya sio mtu, na uanzie wapi maana msimamizi wako kakwambia "chagua modeli uniletee" (yaani mnyama na kirusi vitakavyowakilisha ugonjwa wa binadamu), nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nimeshika hao panya miaka kadhaa (wale wadogo wa gramu ishirini na kitu, sio buku) na makosa karibu yote ya kizembe nimeshayafanya kwa mikono yangu hii.

Nilipoanza nilijua kazi ni nyepesi, unamchoma panya virusi, unampa dawa, unahesabu nani kafa nani kapona, unachora grafu, basi. Nikapeleka grafu yangu kwenye kikao, imependeza kabisa, mzee mmoja wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Hawa wamekufa na nini?" Nikamjibu si virusi mzee. Akacheka, akaniambia nenda kasome LCMV kwanza ndo urudi.

Nikaenda. LCMV ni kirusi kinachoishi na panya kiasili, kimejulikana toka miaka ya 1930. Ukimchoma panya mkubwa mwenye afya moja kwa moja ubongoni, baada ya kama wiki moja hivi anapata degedege anakufa. Sasa chukua panya asiye na seli T (askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa), mchome kirusi kilekile, dozi ileile, huyu anaishi! Na virusi vimemjaa mwilini. Yaani kirusi chenyewe seli za ubongo hakizidhuru kivile, anayeua ni askari wake mwenyewe wa kinga walioingia kichwani na kushambulia kila seli iliyoambukizwa. Ni kwa kirusi hikihiki Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, 1973 na 1974 huko, waligundua kwamba seli T haimtambui adui peke yake, lazima imuone pamoja na alama ya mwili wake yenyewe, wakapewa Nobel 1996. Sasa fikiria dawa yako kazi yake ni kutuliza kinga. Kwenye LCMV itaonekana ya maajabu. Chukua hiyohiyo uipeleke kwenye kirusi kingine cha ubongo, West Nile, ambako seli T ndo zinazosaidia kukisafisha kirusi ubongoni, unaweza ukazika kizimba kizima. Dawa moja, panya walewale, majibu mawili yanayopingana, na yote ni ya kweli. Toka siku hiyo mi grafu ya waliokufa peke yake hainiambii kitu.

Afu kuna suala la panya mwenyewe. Watu wanaagiza C57BL/6 au BALB/c (jamii mbili za panya wa maabara) kwa mazoea tu bila kuuliza wana nini ndani. Tukibaki na West Nile, kile kirusi kilichopatikana Uganda 1937, panya wengi wa maabara wana jeni inaitwa Oas1b iliyokatika katikati, wakati jamii kadhaa za panya zilizotokana na wa porini wanayo nzima na wanahimili vizuri tu. Hilo limejulikana 2002, kumbe miaka yote hiyo watu walikuwa wanapima kirusi kwa mnyama aliyezaliwa na tundu kwenye kinga yake. Zika ni kinyume chake. Panya mkubwa wa kawaida ukimpa Zika hata hashtuki, kwa sababu protini ya kirusi inayoitwa NS5 inaiharibu STAT2 ya binadamu ila ya panya inaishindwa, na STAT2 ni protini ya seli inayopitisha amri za interferoni, ile kengele ya mwili ya kutahadharisha kuhusu virusi. Ndo maana wengi wanatumia panya walioondolewa kipokezi cha interferoni, hao wanaumwa kweli, ila ukumbuke umeshavunja mlango mwenyewe halafu unashangaa mwizi kaingia kirahisi. Kujua kirusi kinaenda wapi, sawa. Kupimia chanjo, soma majibu yako kwa tahadhari sana.

Polio nayo haikuwa inampata panya hivihivi kwa sababu hana kipokezi CD155 (mlango ambao kirusi kinaingilia kwenye seli), mpaka 1990 walipotengenezwa panya wenye hicho kipokezi cha binadamu. Na wakati wa Covid wote tulikimbilia K18-hACE2, panya waliowekewa kipokezi cha binadamu cha kirusi, waliotengenezwa kwa ajili ya SARS, 2007. Unamdondoshea kirusi puani, kinapanda mpaka ubongoni, na wengi kinachowamaliza kinaonekana kuwa ni ubongo, wakati kwa binadamu kesi kubwa ilikuwa mapafu. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yangu imeokoa panya, muulize umeokoa mapafu au kichwa?

Mimi niliishia kwa kirusi cha Theiler, TMEV, na nakipenda mpaka leo. Kirusi kimoja, ukimpa panya wa jamii ya SJL hakiondoki, kinakaa na kumla ile ala inayofunika mishipa ya fahamu, inafanana na ugonjwa wa MS (multiple sclerosis) wa binadamu. Ukimpa C57BL/6 anakisafisha, ila wengi wanapata degedege ndani ya wiki ya kwanza na baadhi wanabaki na kifafa. Mimi wiki mbili nzima niliandika "hakuna degedege", kumbe nilikuwa nawachungulia kwa nje tu kwa upole, nisiwasumbue. Dada anayebadilisha vizimba ndo aliniambia mbona mimi nikiwashika wanatetemeka na kuanguka? Aisee niliona aibu. Degedege lao mara nyingi linatoka ukiwashtua kwa kuwashika, na kila siku mwenzangu alikuwa analiona mimi silioni.

Lingine, ukitoa ubongo bila kusafisha damu kwanza kwa kupitisha maji ya chumvi kwenye moyo, unapima virusi vya damu unasema ni vya ubongo. Nilishasherehekea "kirusi kimeingia ubongoni siku ya pili", ilikuwa damu tupu. Na kipimo cha PCR kinakuonyesha RNA tu (chembe za urithi za kirusi), hakikwambii kama kirusi ni hai, weka na kipimo cha kuhesabu mashimo ambayo kirusi hai kinatoboa kwenye seli za Vero, seli za nyani zinazokuzwa maabara. Pia lazima uwe na kundi la waliochomwa sindano bila kirusi, sindano ya kichwani peke yake inaumiza.

Na usisubiri afe. Akipungua uzito asilimia 20, au miguu ya nyuma imepooza, mpumzishe (yaani muue bila maumivu), hapo jibu umeshapata na tishu zako bado nzima. Hii sio kwa ajili ya kamati ya maadili tu, aliyekutwa kafa asubuhi hakuna cha maana utakachopima kwake.

Kwa hiyo kwa msimamizi wako usiende na jina la panya, nenda na swali: unataka kujua kirusi kinaingiaje, au kinga inafanya nini kikishaingia, au nini kinabaki kikishaondoka. Ukishaamua rudi useme ni kirusi gani na utakiingizia wapi, maana kama ni puani nina mengi kuhusu ganzi na ukubwa wa tone, ukikosea hapo kinaishia mapafuni.