Miaka 30 ya gita la besi, sasa vidole vinakufa ganzi
Papa, kama mkono wa kushoto unakufa ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, usiuze gita. Fupisha mkanda kwanza: besi inayoning'inia chini hupinda kifundo cha mkono, na hapo ndipo neva inabanwa. Weka nyuzi nyembamba zaidi, za 40–95 badala ya 45–105 (unene kwa elfu za inchi). Mvuto wa nyuzi ukipungua, shingo ya gita hurudi nyuma na nyuzi zinalia kwenye freti (vyuma vya kukatiza shingo); legeza chuma kilicho ndani ya shingo hiyo robo mzunguko tu, ungoje kesho. Kanisani ongeza ampli, upige kwa upole (wengi hugandamiza kwa sababu ngoma zimewafunika). Ganzi ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vikombe, muone daktari hapo Bukavu wiki hii, si baada ya Pasaka.