Usukani unatangatanga na alaimenti haishiki: raki imeisha ama?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko na Toyota Corolla 110 ya 1998, imepita kilomita 300,000 na bado ndio inanipeleka job kila siku. Shida ni usukani. Nikishika spidi Mombasa Road gari inaanza kutangatanga, nazungusha kidogo haisikii, nikiongeza inashtuka inataka kuruka leni, na nikipita bampu za barabarani kuna kitu kinagonga kok kok huko mbele. Nimefanya alaimenti (kunyoosha magurudumu kwa mashine) na kurudia, wapi, tairi za mbele zinalika upande wa ndani na bado ni mpya. Fundi ameniambia raki (ile gia ya usukani) imeisha ninunue ingine, na hiyo pesa saa hii sina. Nifanyeje? – Wa Donholm

JIBU: Ndugu yangu, usinunue raki bado. Inaweza kuwa imeisha kweli, gari ya mileji hiyo usiiwekee dhamana, lakini vile umeeleza mimi ningeanza na vitu vya bei ya chini, yaani tairodi endi na raki endi (jointi za fimbo zinazogeuza tairi) na boljointi (jointi inayoshika gurudumu kwa mkono wa chini). Alaimenti haishiki juu hakuna kitu ya kuishikilia! Jamaa wa mashine anaset gari ikiwa imesimama, ukitoka getini ukiingia shimo la kwanza jointi iliyolegea inasonga na tairi inaangalia kwingine. Alaimenti ni ya mwisho, na mtu anayekufanyia bila kutikisa magurudumu kwanza anakula pesa yako tu.

Sasa tafuta mtu akae kwa usukani, gari ikiwa chini kwa tairi zake, injini inawaka, handibreki juu. Acheze usukani kushoto kulia kidogo kidogo, asizungushe mpaka mwisho. Wewe chuchumaa (mikono mbali na belti na feni) ushike jointi moja moja. Mbovu utaisikia kwa vidole kabla uione, upande mmoja unasonga na ule mwingine unachelewa. Ya nje karibu na tairi ni tairodi endi. Ya ndani, raki endi, imefichwa na ile buti ya mpira yenye mikunjo, finya buti ushike fimbo iliyo ndani. Angalia pia bushi (mipira) zinazoshika raki, kwa sababu raki nzima ikisukumika huku na huku usukani unalegea na raki yenyewe haina makosa, ni mpira tu umekufa. Na ile jointi ya shafti ya usukani kule chini kwa miguu ya dereva, watu wengi huiruka.

Ukimaliza piga jeki, weka stendi, si mawe tafadhali. Shika tairi ubavuni huku na huku utikise: ikicheza, ni tairodi. Shika juu na chini: ikicheza, ni boljointi ama beringi. Mtu akanyage breki utikise tena, ikinyamaza ni beringi, ikiendelea ni boljointi, na hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Zile gari unaona zimepiga magoti katikati ya Jogoo Road tairi moja imelala, mara nyingi ni boljointi imechomoka.

Kok kok yenyewe inaweza kuwa linki za stabilaiza (fimbo ndogo za kile chuma kinachozuia gari kulala kwa kona), lakini hizo hazifanyi gari itangetange, so usibadilishiwe linki ukaambiwa kazi imeisha. Ingine ya kukataa ni fundi kukukazia ile nati ya raki. Siku hiyo utafurahi usukani umekaza, halafu ukikata kona haurudi wenyewe.

Ukienda Grogan kwa wauza spea, tairodi na boljointi chukua mpya, juu eksi-Japani (spea iliyotumika Japani) ni jointi iliyochakaa kwa gari ya mtu mwingine. Raki ndio unaweza kuchukua eksi-Japani kama itafika huko: izungushe mwisho hadi mwisho isikwame, na ukifinya buti kusiwe na mafuta ndani. Kabla tairodi ya zamani ifunguliwe fundi ahesabu nyuzi za skrubu, mpya irudi pale pale, la sivyo utaenda kwa alaimenti ukila tairi njia yote.

SWALI: Honda CR-V ya 2004, usukani ni mzito asubuhi na unalia ng'ooo nikipaki. Nimeongeza ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki), ndio ikazidi. – Mama wa Ruaka

JIBU: Mama, toa hiyo ATF yote. Toyota za zamani hutumia ATF kwa pawa stelingi lakini Honda ina mafuta yake, nunua hayo usafishe mfumo mzima. Halafu ukiona povu kwa chupa ya hayo mafuta ujue pampu inavuta hewa, na kwa hizo CR-V mara nyingi ni ile oringi ndogo ya paipu inayoingia kwa pampu. Badilisha hiyo kabla mtu akuuzie pampu.