Maswali ya Wasomaji: Naogopa Kurudi Kwenye Kipimo cha Kamera

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, ninauza dagaa katika mwalo mmoja wa kisiwa cha Ukerewe. Mwaka jana nilitapika damu nyingi, nikapelekwa hospitali moja kubwa ambako nilipitishiwa mpira wa kamera kooni. Niliambiwa kwamba kichocho cha siku nyingi kimeziba njia ya damu kwenye ini na mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula, imevimba. Baadhi yake ilifungwa kwa vipete vya mpira siku hiyohiyo. Nilitakiwa nirudi baada ya wiki tatu, lakini sasa ni mwezi wa nne na sijaenda. Siku ile nilipuliziwa dawa ya ganzi kooni tu, nikashikwa mikono na watu wawili, nikajua ninakufa kwa kukosa pumzi. Dawa ya usingizi niliambiwa haipo. Je, kuna namna ya kupunguza mateso yale bila dawa, au nikae tu nimwachie Mungu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na lililo la haraka: usikae. Mishipa iliyovimba haimalizwi kwa kufungwa mara moja. Kwa kawaida kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mishipa yenyewe ipotee, na anayeishia njiani hubaki katika hatari ya kutoka damu tena. Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kadi. Lipo pia la kukutia moyo: mayai ya kichocho huacha makovu kuzunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini, lakini ini lenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi yake. Kwa hiyo mtu wa hali yako, mishipa yake ikifungwa mpaka mwisho, ana kila sababu ya kutarajia kuendelea na maisha na biashara yake.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo ninaiheshimu, kwa sababu ina chanzo mwilini na chanzo hicho kinaelezeka. Nyuma ya ulimi kuna njia mbili, moja ya hewa na nyingine ya chakula, na mpira wa kamera hupita katika njia ya chakula, yaani umio. Njia ya hewa hubaki wazi muda wote, na pua yako inafanya kazi kama kawaida. Kinachomdanganya mgonjwa ni ile dawa ya ganzi: koo likishakufa ganzi, mtu huhisi kama limevimba, akijaribu kumeza mate hayahisi yakishuka, na hapo akili yake humwambia kwamba hata hewa haipiti. Anapoanza kuhema kwa mdomo kwa haraka, koo hukauka na kukaza, kichefuchefu huongezeka, na mpira unaopita katika koo lililokaza ndio unaoumiza. Laiti mtu angekueleza haya kabla hujalala kitandani, nadhani nusu ya mateso yako yasingekuwepo. Ninasikitika kwamba hukuelezwa.

Kwa hiyo maandalizi yako yaanzie nyumbani. Kwa wiki nzima kabla ya safari, kila usiku lalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa ndivyo utakavyolazwa siku ya kipimo, uache mdomo wazi kidogo, kidevu kikielekea kifuani, kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne na uitoe taratibu ukihesabu hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, na mwili uliokwisha kuzoea mwendo huo huurudia kwa urahisi hata ukiwa na hofu. Wapo wanaohesabu kwa kusali rozari kimoyomoyo, na wapo wanaotumia tasbihi. Mwendo wa maneno uliyoyazoea tangu utotoni unafaa kabisa, mradi pumzi ifuate.

Ukifika hospitali, zungumza na muuguzi kabla ya kuingia chumbani. Mwambie waziwazi kwamba mara ya kwanza uliogopa sana na kwamba ulishikwa kwa nguvu. Kisha omba mambo matatu. Omba uelezwe kila hatua kabla haijafanyika. Omba mtu mmoja akae upande wa kichwa chako, akushike mkono au bega kwa upole, na kazi yake iwe hiyo tu. Na omba mkubaliane ishara: mkono wa kushoto utakuwa umelaliwa, kwa hiyo utainua wa kulia, na ukiinuliwa daktari asimamishe mpira kwa muda, au apunguze hewa aliyoipuliza tumboni, mpaka utakapotulia. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha jambo hulivumilia kwa muda mrefu zaidi, na aghalabu hauinui mkono huo hata mara moja. Kuna wakati mfupi, kipete kinapofungwa, ambapo daktari hawezi kuacha papo hapo. Hilo nalo akuambie mapema ili usidhani umepuuzwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni sekunde chache za mwanzo, mpira unapopita kwenye mlango wa umio. Una unene wa milimita 9 hadi 10 hivi, ingawa kifaa cha kufungia mishipa huifanya ncha yake iwe nene zaidi. Utaambiwa umeze, meza mara moja, kisha usimeze tena. Mate yaache yatiririke nje kwenye kitambaa, wala usione haya, kila mgonjwa hutokwa na mate. Macho yaache wazi, uyakaze kwenye kitu kimoja ukutani, kwa maana anayefumba macho hubaki peke yake na koo lake. Kichefuchefu kikija, toa pumzi ndefu na uinue mguu mmoja kidogo, uushikilie hapo. Hii ni mbinu ya zamani ya madaktari wa meno kwa wagonjwa wanaochefuka, inayoondoa akili kooni.

Jambo moja zaidi. Hayo yote hayakuzuii kuomba dawa ya usingizi. Piga simu hospitali wiki moja kabla, uulize siku ambayo dawa na mtaalamu wa usingizi wapo. Ukiipata, nenda na ndugu wa kukusindikiza, kwa sababu hutaruhusiwa kupanda kivuko peke yako siku hiyo. Kuomba dawa si udhaifu. Usikubali tu kwamba kukosekana kwake ni sababu ya kutokurudi.

SWALI: Salamu daktari. Mimi ni muuguzi katika chumba cha endoskopi, yaani vipimo vya kamera, cha hospitali moja ya kaunti, pwani ya Kenya. Tunapima tumbo na utumbo mpana, mara nyingi bila dawa ya usingizi, kwa kuwa mtaalamu wa usingizi huitwa ukumbi wa upasuaji. Nimependekeza tuwawekee wagonjwa muziki, lakini baadhi ya wenzangu wanaona ni mchezo. Je, mambo haya yana msingi wa kitaalamu, na tuanze na lipi?

JIBU: Msingi upo, na ni wa zamani kuliko dawa nyingi mlizonazo kabatini. Mwaka 1932 daktari Rudolf Schindler wa Munich, Ujerumani, alitoa kifaa cha kutazama tumbo kilichokuwa kigumu nusu ya juu na chenye kupinda kidogo nusu ya chini. Fikiria kumpitishia mtu chuma cha namna hiyo kooni. Aliyekifanya kipimo hicho kiwezekane kwa usalama alikuwa pia mke wake, Gabriele, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa, kukielekeza na kumtuliza muda wote. Tangu hapo vifaa vimekuwa laini na vyembamba, lakini nafasi ile ya upande wa kichwa, katika vyumba vingi nilivyoviona, imebaki tupu, au inajazwa na mtu ambaye wakati huohuo anatafuta chupa za kuwekea vipande vya nyama vinavyokatwa kwa uchunguzi. Mkiweza kufanya jambo moja tu, jazeni nafasi hiyo.

Kuhusu muziki, wenzako wanakosea. Umejaribiwa mara nyingi kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na mwelekeo wa jumla ni kwamba hupunguza wasiwasi; kuhusu maumivu yenyewe matokeo hayafanani, kwa hiyo usiahidi zaidi ya hapo. Mgonjwa achague mwenyewe, iwe ni taarabu, kaswida au kwaya ya kanisani kwake, na sauti iwe ya chini chumbani badala ya kuziba masikio yake yote mawili, kwa sababu lazima asikie maelekezo.

Yanayohitaji uangalifu zaidi ni maneno. Mwaka 2005 daktari Elvira Lang na wenzake, waliochunguza wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa tiba kwa kuongozwa na picha za eksirei, walionyesha kwamba kumwonya mgonjwa kwa maneno ya maumivu, kama “hapa itauma”, hakumsaidii, bali huambatana na maumivu na wasiwasi zaidi. Huo si ruhusa ya kudanganya. Anayeambiwa “hutahisi kitu” kisha akahisi hatakuamini tena. Mweleze hisia ilivyo: tumbo litajaa, kutakuwa na kusukumwa, kisha kutalegea. Vilevile mwambie kwamba kuchukuliwa kipande cha nyama hakuumi, kwa sababu utando wa ndani wa tumbo na utumbo hausikii kukatwa. Unachosikia ni kuvutwa na kujazwa. Na ile amri ya “tulia!” tunayoitoa kwa sauti kubwa tuiache kabisa. Hakuna aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Mpe kazi ya kufanya, umwambie atoe pumzi pamoja nawe.

Kwa kipimo cha utumbo mpana, maumivu mengi hutokana na utumbo kujazwa upepo na mpira kufanya kitanzi, kwa hiyo dawa kubwa iko mikononi mwa mpimaji. Zungumza naye kuhusu kutumia maji badala ya hewa wakati wa kuingiza. Majaribio mengi yameonyesha kwamba maumivu hupungua, na maji hayahitaji bajeti mpya. Hospitali ikipata uwezo, iombeni mtungi wa kabonidioksaidi, ambayo hufyonzwa na mwili haraka sana kuliko hewa ya kawaida, hivyo mgonjwa haondoki na tumbo lililojaa gesi. Nanyi wauguzi mna mambo mawili: kumgeuza mgonjwa kutoka ubavu wa kushoto hadi chali mpira unapokwama, na kukandamiza tumbo kwa kiganja kilichotandazwa, mahali anapoelekeza mpimaji, ili kitanzi kisijirudie. Ongeza shuka linalomsitiri vizuri. Katika pwani yetu, aibu ya kufunuliwa humkaza mtu misuli kabla hata hajaguswa, na panapowezekana apimwe mbele ya wahudumu wa jinsia yake.

Nimelibakiza la mwisho kwa makusudi, kwa sababu linamhusu pia dada wa Ukerewe aliyeandika hapo juu. Mwaka 1996 daktari Donald Redelmeier na mwanasaikolojia Daniel Kahneman walichapisha utafiti kuhusu kumbukumbu za maumivu ya kipimo cha utumbo mpana. Walikuta kwamba mgonjwa hakumbuki urefu wa kipimo. Anachokumbuka ni maumivu yalipofikia kilele na jinsi yalivyokuwa dakika za mwisho. Mwaka 2003 walieleza jaribio ambalo nusu ya wagonjwa, kwa bahati nasibu, waliachiwa ncha ya mpira ikiwa imetulia karibu na njia ya kutokea kwa muda mfupi kabla ya kuondolewa. Hao walikumbuka kipimo kuwa chepesi zaidi, na baadaye walirudi kupimwa tena kwa kiwango kilichozidi kidogo.

Sikuambii urefushe kipimo cha mtu. Ila dakika za mwisho ndizo tunazozitupa: daktari ameshavua glovu, mashine inalia, mgonjwa anayefuata anaitwa, na aliye kitandani bado ana mate shavuni. Mfyonzeni hewa tumboni kabla mpira haujatoka, uondoeni polepole, mwambieni kwa jina lake kwamba kipimo kimekwisha, mfuteni uso, mfunikeni, na yule aliyekuwa amemshika mkono asiuachie mpaka mgonjwa mwenyewe auachie.