Bima husomwa kuanzia nyuma

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu zimefika. Picha za mkataba nazo zimefika, zote arubaini na mbili, simu ikajaa hadi nikafuta video za harusi ya Mwanaisha. Umeniuliza neno moja tu: yule kaka wa jumuiya yenu hapo Leicester, aliyekuletea bima ya kulinda kipato, ile ya kukulipa sehemu ya mshahara ukiugua usiweze kufanya kazi, umwamini usaini? Ukaongeza kwamba ni mtu wa watu na anaswali safu ya mbele.

Safu ya mbele ni yake na Mola wake. Mimi nilianza na ukurasa wa mwisho, kwa sababu bima husomwa kuanzia nyuma. Mbele wameweka picha ya mama na mtoto wanacheka; nyuma ndiko kwenye maana ya maneno na orodha ya yasiyolipwa. Fungua ukurasa wa 36, uone wanavyolieleza neno "kushindwa kufanya kazi". Hawasemi kazi yako ya uuguzi. Wanasema kazi yoyote.

Hapo niliiweka simu chini nikaenda kunywa maji, maana alinijia akilini ami yako Khamis.

Kuanguka kwake unakujua, ila ulikuwa mdogo na habari ya barua hukuelezwa. Ami alikuwa dereva wa kreni Kilindini. Siku ile ilikuwa Jumapili, yuko juu ya paa lake Likoni anaziba tundu, akaanguka na kiganja cha kulia kikasagika. Kwa kuwa hakuwa kazini, sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 haikumhusu. Ile hulipa madhara yaliyotokana na kazi. Hakubabaika, alikuwa na bima yake mwenyewe, ameilipia miaka tisa bila kuruka mwezi. Ikaja barua: kampuni inasikitika, inakubali hawezi tena kuendesha kreni, lakini inaona anaweza kuwa mlinzi wa lango. Mlinzi, Zuhura! Mtu aliyekuwa akilituliza kontena juu ya lori kama anayeweka kikombe kwenye kisahani. Barua hiyo mpaka leo iko kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kampuni ilikuwa sawa. Maneno yalikuwemo nyuma, na chini yake pana sahihi ya ami. Wakala hakumsomea, lakini na ami naye hakuuliza. Nikitaka kumkasirikia mmoja, namwonea huruma wa pili, basi naishia kuikasirikia karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kumjadili kaka wa jumuiya, mwambie akutafutie mkataba unaosema "kazi yako mwenyewe". Huko Uingereza ipo, na kwa muuguzi inapatikana. Maana yake ukishindwa kufanya kazi ya wodini, unalipwa, hata kama unaweza kukaa mapokezi na kujibu simu. Akikuambia tofauti ni ndogo, mpe namba ya ami yako.

La pili ni muda wa kungoja, yaani tangu uugue hadi bima ianze kulipa, na hapa amekukosesha pesa. Amekuandikia wiki 4. Mkataba wako wa kazi na NHS, hilo shirika la afya la serikali ya huko, ulionitumia mwaka juzi ninao: ukiugua ndani ya mwaka wa kwanza wa utumishi unapata mwezi 1 wa mshahara kamili na 2 ya nusu, mwaka wa pili, 2 na 2, wa tatu, 4 na 4, wa nne na wa tano, 5 na 5, ukishapita mitano, 6 na 6. Wewe uko mwaka wa tatu. Miezi minne ya kwanza mwajiri anakulipa kila kitu, na kampuni ya bima hupunguza malipo yake kwa kile unachoendelea kupata. Utakuwa unalipia ungojaji mfupi usiokufaa kitu. Uliza bei ya wiki 13 na ya wiki 26, uone inavyoshuka. Uliza pia kama wana mpango unaofuata ngazi za NHS, kwamba wanaanza kidogo mshahara unapokuwa nusu, kisha wanatoa chote unapokatika. Baadhi ya kampuni wanao. Na kumbuka malipo ya kila mwezi hutolewa mwezi ukishapita, kwa hiyo ukingoja wiki 26, shilingi ya kwanza (haya, pauni) utaiona mwezi wa saba ukiisha.

Ila ulisema unafikiria kuhamia kwa wakala wa wauguzi, kwa kuwa zamu zao zinalipa zaidi. Huko ngazi za NHS hazikufuati. Utabaki na malipo ya ugonjwa ya kisheria, ambayo kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na mwisho wake ni wiki 28. Kodi yako ya nyumba peke yake ni zaidi ya hapo. Basi wiki 26 zinazokufaa leo zitakuua siku ukihama. Uliza kwa maandishi kama muda wa kungoja unaweza kubadilishwa ukibadili mwajiri, na ni lazima uwajulishe ndani ya siku ngapi.

Mengine nayapita haraka. Kiasi huwa nusu hadi asilimia 70 hivi ya mshahara kabla ya makato; kwako, kwenye pauni 33,000 kwa mwaka, asilimia 60 ni 1,650 kwa mwezi, na haikatwi kodi maana unailipia mwenyewe. Zamu za ziada usizoweza kuzithibitisha kwa P60, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, usizihesabu. Bei iwe ile isiyobadilika hadi mwisho wa mkataba. Ile "inayoweza kuangaliwa upya" ni mlango waliojijengea wao wa kupandisha bei. Na kipindi cha kulipwa: amekuandikia miaka 2 kwa kila ugonjwa. Ni nafuu, naelewa. Lakini kinachomaliza kipato cha muuguzi wa miaka 31 si ugonjwa wa miaka miwili, ni ule usiopona. Omba bei ya kulipwa hadi ufike umri wa miaka 68 uilinganishe.

Najua babako angesema hizo pauni 38 kwa mwezi uweke akiba. Nimemhesabia hesabu, Mungu amrehemu, kama vile bado tunabishana mezani: 38 mara 12 ni 456; miaka kumi ni 4,560. Hiyo haifiki malipo ya miezi mitatu ya bima. Lakini naye ana lake, kwa sababu mgonjwa wa wiki sita bima haimjui, akiba inamjua. Na mwenye viza ya kazi kama yako hana haki ya misaada ya serikali inayotokana na uhaba wa kipato. Malipo ya ugonjwa ya kisheria hayahesabiwi humo, wala ile posho inayotokana na michango yako ya bima ya taifa. Basi akiba ya miezi mitatu kwanza, halafu bima? Au vyote kwa pamoja, kidogo kidogo? Juzi niliamini la kwanza, leo la pili.

Sasa huyo kaka. Mamlaka ya huko inayosimamia kampuni za fedha na bima, FCA, ina daftari lililo wazi mtandaoni. Tafuta jina la kampuni yake, si jina lake tu, uone wameruhusiwa kushauri kuhusu bima. Kisha mpigie kwa namba iliyo kwenye daftari, usitumie iliyo kwenye kadi yake. Matapeli huazima majina ya kampuni halali. Muulize anauza za kampuni ngapi: soko zima, chache alizozichagua, au moja tu. Muulize analipwaje. Kwa bima hii kwa kawaida hakutozi wewe, hupewa kamisheni na kampuni, nyingi yake mwanzoni, na ukivunja mkataba mapema huirudisha. Muda huo mara nyingi huwa kati ya miaka miwili na minne. Kwa hiyo akikupigia simu mwaka wa tano akisema amepata nzuri zaidi, kumbuka kwamba kamisheni ya kwanza imeshakuwa yake, na wewe utaulizwa upya maswali ya afya ukiwa mkubwa zaidi. Na akupe barua inayoeleza kwa nini amekuchagulia hii. Asiyetaka kuandika sababu hana sababu.

Jambo lililonikera kuliko yote: fomu ameijaza yeye, na kwenye swali la mgongo ameweka "hapana". Zuhura, ule mgongo wa 2023, ulipomnyanyua yule mzee peke yako, si ulikwenda kwa GP, daktari wako wa mtaani, mara mbili? Imeandikwa kule. Sheria yao ya 2012 inakutaka ujibu kwa uangalifu. Ukikosea kwa uzembe wanaweza kupunguza malipo. Ukidanganya makusudi wanafuta mkataba na michango yako wanabaki nayo. Omba nakala ya faili lako kwa GP, ni bure, kaa nayo huku unaijaza fomu upya kwa mkono wako. Huenda wakautoa mgongo kwenye bima. Wautoe leo, ukijua, kuliko wautoe siku umelala.

Liko lingine sijalimaliza, na ndilo ninalolihofia. Ukiugua sana hutabaki Leicester, utakuja nyumbani nikuuguze. Mikataba mingi hukatiza malipo ukikaa nje ya nchi walizozitaja kupita wiki kadhaa, mara nyingi 13 au 26. Kifungu hicho kiko ukurasa wa 31, na kwenye picha yako pana kivuli cha kidole juu ya namba ya wiki na orodha ya nchi.

Sikuambii usaini wala usisaini, wewe ni mtu mzima na pesa ni zako. Lakini upige tena ukurasa huo mchana, karibu na dirisha, unitumie. Na usimpe kalamu yule kaka kabla sijausoma.

Mamako