Washauri tumezidi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Wewe uliyeko chuo kikuu, ungempa ushauri gani anayeingia mwaka wa kwanza?", limenigusa pabaya. Ushauri ninao, kama alivyo nao kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya kusaini bumu, ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Lakini kabla ya kuwasema hao wanaokuja, nina neno na sisi tunaowangoja getini.

Maana tumezidi. Kila ikikaribia Oktoba, kundi la WhatsApp la wapya linaundwa hata kabla hawajapanda basi, na wakubwa tunajimwaga humo na risala zetu. Soma tangu wiki ya kwanza. Chagua marafiki. Bumu lisikuzuzue. Wasichana tunaongezewa fungu letu: jihadhari na wenye magari, jihadhari na kaka wa mwaka wa tatu anayejitolea kukubebea begi. Anayeandika hayo mara nyingi ana sapu zake, yaani mitihani ya kurudia, na deni kwa muuza chipsi. Sapu simlaumu, zinampata yeyote. Ninachomlaumu ni kwamba hajamuuliza huyo mgeni hata swali moja. Hajui katoka wapi, kaja na nini, nani anamsomesha. Anatoa tu.

Chukua hilo la bumu. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na nadhani risala ya bumu ina umri huohuo. Anayepata kiwango kamili cha chakula na malazi siku hizi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku; waliotutangulia walihesabiwa 8,500. Ikiingia ya siku 60 kwa mpigo ni laki sita. Sote tunamwambia mgeni asinunue simu. Hakuna anayemwambia afanye nini siku mama atakapopiga kusema mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa michango, ilhali huko ndiko linakokwenda bumu la watu wengi ninaowafahamu, si kwenye simu. Na hakuna anayemkumbusha kwamba hilo ni deni, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi liishe. Tunasema "bumu limetoka" kama vile mvua imenyesha.

Nieleze kwa nini nina hasira.

Mwaka wangu wa kwanza tulipangwa wanne chumba kimoja, tukalala sita, kwa sababu wawili walikuwa wakibebwa, yaani wakilala kwa wenzao bila kupangiwa chumba. Waliosoma Dar wanaijua habari hiyo. Mmoja wa waliobebwa alitokea Newala, tukamwita hivyo hivyo, Newala. Awamu ya kwanza ya mikopo ilikuwa imetoka, jina lake halimo. Ikatoka ya pili, halimo. Baba yake alishafariki, mama analima, na mjomba aliyekuwa akimsimamia alikuwa anangoja korosho. Watu wa kusini mnaelewa: mzigo unapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unakwenda ghalani, unasubiri mnada, halafu unasubiri tena hela isome benki. Mnada na kufunguliwa kwa vyuo vinaangukia miezi ileile, na chuo hakingoji mnada wa mtu. Hujalipa hata sehemu ya ada, hujasajiliwa. Hujasajiliwa, huna kitambulisho, na mtihani utausikia kwa wenzako.

Chumba kizima tulimshauri. Mmoja alimwambia akate rufaa, bila kujua rufaa inakatwaje. Mwingine alimwambia amtafute mbunge wake. Wa kitanda cha chini, ambaye baba yake alikuwa amemlipia ada yote kabla hajafika, alimwambia amtangulize Mungu, kisha akavaa spika zake za masikioni. Kundi la kozi nalo likamshauri aahirishe mwaka. Newala alikuwa akiitikia kila mtu "sawa, asante", halafu anajikunja ukutani.

Sasa, chumba cha pili kutoka chetu kulikuwa na dada wa mwaka wa tatu tuliyekuwa tukimwogopa. Salamu zake zilikuwa fupi na hakupenda kelele za usiku. Jioni moja aliingia kuazima pasi. Akatukuta katikati ya baraza letu la ushauri, akasikiliza kidogo akiwa ameishika pasi mkononi, kisha akamgeukia Newala.

"Mdogo wangu, fomu ulijaza mwenyewe?"

"Hapana dada, nilijaziwa stationari."

"Cheti cha kifo cha baba kilihakikiwa RITA?"

RITA ndio wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Newala akasema ndiyo, akasema nadhani, akasema hajui.

"Kilete."

Alikuwa na faili la plastiki lenye kifungo, analilaza chini ya mto. Ndani yake cheti kilikuwa kimekunjwa mara nne, na kilikuwa kimekunjwa hivyo miaka, hadi mkunjo mmoja ukapita juu ya namba ya cheti na kula tarakimu moja. Ukiitazama imelala mezani ilikuwa 3. Ukiinyanyua kwenye taa, mwanga ukapita kwa nyuma, ilikuwa 8. Tuliipokezana chumba kizima na tukagawanyika makundi mawili. Mimi nilikuwa upande wa 3, na ningekula kiapo.

Dada hakupiga kura. Aliuliza barua pepe iliyotumika kwenye maombi. Newala hakuwahi kuifungua. Ilitengenezwa na kijana wa stationari, na neno la siri aliliandika nyuma ya risiti. Risiti ilikuwepo, namshukuru Mungu, ndani ya Biblia. Tukafungua kwenye simu ya dada. Majibu ya uhakiki yalikuwa yamekaa humo tangu Agosti: taarifa hazioani. Kijana yule alikuwa ameandika 3, akarudishiwa, akaambatisha cheti hivyo hivyo bila uhakiki, akamwambia binti wa watu mambo tayari. Na alishachukua hela yake.

Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Ya jirani ikapatikana, jirani akatumwa kwa mjomba, na mjomba akakumbuka kwamba alitoa nakala ya kile cheti zamani, kikiwa kipya, kwa mambo ya shamba la marehemu. Jirani akaipiga picha na kuituma. Ilikuwa 8.

Kesho yake walikwenda dawati la mikopo, nami nikafuatana nao kwa kuwa jina langu la benki lilikuwa limepishana na la chuo kwa herufi moja. Dada alikuwa na kipindi asubuhi ile, hakwenda. Alikaa nasi kwenye benchi la korido, vitini vyake mapajani, anapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Tuliambiwa turudi saa nane. Tulirudi. Tukaambiwa rufaa zinakatwa mtandaoni dirisha likifunguliwa, na kwa usajili tumwone mshauri wa wanafunzi. Kwa mshauri wa wanafunzi tukaambiwa tuandike barua. Dada akachana karatasi katikati ya daftari lake, akampa Newala kalamu ileile nyekundu, akaitazama, akaichukua tena akampa ya bluu. "Andika mwenyewe," alimwambia, "mimi nakusomea tu ukimaliza." Barua iliandikwa ukutani, karatasi imebandikwa kwa kiganja, kwa sababu benchi lilishajaa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyepata nusu ya alichoomba, anamsimulia kila anayekaa karibu naye. Nakumbuka hata viatu vya yule kijana, na sijui vinahusiana nini na swali lenu.

Chuo kilikubali alipe kwa awamu. Hela ya kwanza ya korosho ikatosha kumsajili. Uhakiki ukafanywa upya kwa namba sahihi, dirisha la rufaa likafunguliwa, na mkopo ukatoka muhula ukiwa umeshakolea. Kati ya hapo na pale tulichangiana ugali. Hapo nitasema ukweli: wa kitanda cha chini, yule wa kumtanguliza Mungu, ndiye aliyetoa zaidi yetu sote, tena bila kutangaza. Kwa hiyo hata yeye nimemsema vibaya kidogo.

Nilikuwa nimekusudia nikifika hapa nihitimishe kwamba ushauri haufai, tuuache, mgeni apewe mtu wa kukaa naye kwenye benchi basi. Lakini kuandika kumenikumbusha kwamba tulipokuwa tukirudi bwenini siku ile, dada alisema kitu. Alisema: "Karatasi zako zijue mwenyewe. Namba ya mtihani, neno la siri, akaunti. Usimwachie mtu." Huo nao ni ushauri. Ni wa jumla kabisa, ungeweza kuukuta kwenye lile kundi la WhatsApp katikati ya "chagua marafiki" na "mtangulize Mungu". Na mimi nimekuwa nikiwaambia wapya maneno hayohayo kila mwaka, bila benchi, bila hata kuwauliza majina. Mwaka jana nilimwambia kijana mmoja kwenye foleni ya usajili, sikumjua wala hakunijua. Akafungua maombi yake palepale, akakuta namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoandikiwa si yake. Alikimbia hata kunishukuru akasahau. Maneno matupu yalimtosha.

Kwa hiyo sijui. Pengine ushauri unafaa ukiwa unahusu kitu kinachoshikika, karatasi, tarehe, namba, na unaharibika ukianza kuhusu tabia. Pengine. Kuhusu wenye magari nimenyamaza miaka yote hii, na kuna mwenzetu mmoja ambaye labda ningemsema mapema ingemsaidia. Labda pia angenichukia. Hilo sitaligusa.

Ila kuna moja ambalo nitamwambia kila mgeni hata kama hakuniuliza, hata kama ana haraka: mwaka wa kwanza unahesabiwa. Wengi huja na fikra za sekondari kwamba mtihani wa mwisho ndio mtihani. GPA yetu, yaani wastani wa alama, inakusanywa tangu muhula wa kwanza, na mpaka wa daraja la pili la juu ni 3.5, la kwanza ni 4.4. Mwenye 3.4 yuko daraja la pili la chini pamoja na mwenye 2.7, na vyeti vyao vitasomeka sawa. Mimi niko mwaka wa nne, na ninaishi na mtu anayeutafuta mpaka huo wa 3.5 kwa tochi. Kilichomwangusha si masomo ya fani, hayo anayaweza kuliko mimi. Ni lile somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ambalo sote tuliliona la kujazia ratiba, na majaribio yake ya katikati ya muhula aliyoyaruka kwa sababu mkubwa mmoja alimshauri kwamba "hilo halina shida, utalifanya UE", yaani kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Mkubwa huyo alishamaliza. Yuko mtaani anashauri wengine, bila shaka.

Basi jibu langu, mkinibana nitoe moja, ni hili: tushauri, ndiyo, ila tuulize kwanza, na kama huna muda wa kuuliza, taja karatasi na hiyo 3.5 kisha umwache mtoto wa watu aende kula. Najua hili halilingani na nilivyoanza. Sitalirekebisha, kwa sababu hasira ile bado ninayo.

Tahadhari mbili. Habari ya RITA ni kwa vyeti vya Bara. Cha Zanzibar huhakikiwa ZCSRA, wakala wa usajili wa huko, na Wazanzibari wana bodi yao ya mikopo pia, kwa hiyo wamuulize Mzanzibari mwenzao. Na aliyeingia na wazazi wote wawili na ada mkononi anaweza kuruka aya zote za katikati, ila la stadi za mawasiliano alisome mara mbili.