Maswali ya wasomaji: Nyumba ya shamba inayofungwa siku tano

SWALI: Nina kiwanja cha nusu ekari Mlingotini, Bagamoyo. Nataka nyumba ndogo ya vyumba viwili, ya kwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Fundi amenichorea ukuta wa kioo upande wa bahari na kiyoyozi kila chumba. Bili ya umeme nitaiweza? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Dada, huo mchoro utakuletea joto kwanza, bili itafuata. Jua la asubuhi huwa chini, hivyo kwenye kioo kinachotazama mashariki upenu hauwezi kulikinga. Nyumba itakaa siku tano imefungwa. Ijumaa jioni utafungua mlango ukute joto la wiki nzima limelala ukutani, na kiyoyozi kitahangaika hadi usiku wa manane kuliondoa. Ni sawa na kujaza maji kwenye pakacha. Chora kwanza kwa ajili ya siku ambazo hamtakuwepo.

Ilaze nyumba mashariki-magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Pepo za kaskazi na kusi zote zitapiga upande mrefu, kwa kuwa moja hutoka kaskazini-mashariki na nyingine kusini-mashariki. Upana uwe wa chumba kimoja tu, mita 4 hadi 4.5, ili upepo ukiingia dirisha hili utokee lile. Ukipanga vyumba viwili viwili na korido katikati, kama nyumba nyingi za mjini, chumba cha upande wa pili hakitaonja upepo.

Upenu utokeze sentimita 90. Mwezi Juni, jua likiwa kaskazini, upenu huo hutia kivuli karibu mita 1.5 ya ukuta saa sita mchana, yaani dirisha zima la kawaida. Desemba jua huhamia kusini lakini hupanda juu zaidi, basi kivuli kitashuka karibu ukuta wote. Mafundi wengi hukata upenu sentimita 40 ili kubana bati. Usikubali.

Bahari mtaitazama mkiwa barazani: jenga baraza la mashariki lenye kina cha mita 2.5. Magharibi, ambako jua la alasiri ni kali na hukaa chini, weka choo, bafu na stoo, ziwe ngao ya vyumba vya kulala.

Dirisha la alminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo. Chukua la bawaba, au luva za mbao. Chini ya paa, pande zote mbili, panga matofali ya matundu ili hewa moto itoke hata nyumba ikiwa imefungwa. Matundu haya ya juu yasipungue ukubwa wa yale ya chini, karibu na sakafu, yanayoingiza hewa. Yazibe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, la sivyo popo watahamia darini kabla yenu.

Ukuta mnene wa mawe na chokaa, kama ule wa nyumba za kale za Bagamoyo, unafaa sebuleni. Chumbani unaweza kukukosesha usingizi, maana joto ulilonyonya mchana hulirudisha usiku, na usiku wa mwambao haupoi sana. Huko tosheka na tofali la inchi 5, lipakwe rangi nyeupe na likingwe na jua.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake hula nondo, nondo huvimba kwa kutu, na zege hupasuka. Plasta nayo hutoa unga mweupe na kubanduka. Tumia mchanga wa mto na maji yasiyo na chumvi, na nondo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 4. Chini ya jamvi (zege la sakafu) tandika nailoni ya geji 1000. Tena kabla ya kuchimba msingi, pima umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini.

SWALI: Kigombe, Tanga, nguzo za umeme ziko mbali na shamba langu. Nahitaji taa, feni, friji ndogo na pampu ya kisima. Ninunue paneli ngapi? *Mzee wa Muheza*

JIBU: Shikamoo mzee. Hesabu ni hii. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. Feni 2 za DC (zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja) za wati 25 kwa saa 8 ni 400. Friji ya sola ya lita 100 ni kama 500, pampu ya nusu hospawa kwa nusu saa ni 185, simu 50. Jumla inakaribia 1,350 kwa siku. Igawe kwa saa 4 za jua kali, tukichukulia mawingu ya masika, kisha kwa 0.7 kwa ajili ya upotevu: unapata karibu wati 480. Paneli 2 za wati 250 zinatosha. Betri iwe ya lithiamu, volti 24, ampea-saa 100, na feni ziwe zinazokubali volti hizo.

Mahali watu wanapokosea ni pampu. Inapowaka huvuta mara tatu hadi tano ya kawaida yake, hivyo inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 500 itazima papo hapo. Nunua ya 2,000, na maji yapampwe saa sita mchana.

Paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15, mvua izioshe. Acha nafasi ya sentimita 10 juu ya bati, kwani paneli ikipata moto hupunguza umeme. Ukiondoka Jumapili zima inveta: ikikaa bure hula wati 10 hadi 20, na kwa siku tano ni zaidi ya uniti moja. Friji izime, ikauke, mlango uachwe wazi.

SWALI: Makuti au bati? *Mpenda pwani, Kaole*

JIBU: Makuti ni baridi kweli, ila yanataka mwinamo wa digrii 45, yabadilishwe kila baada ya miaka michache, na jiko likae mbali. Kwa nyumba isiyo na mtu siku tano, tungeezeka bati jeupe la alminiamu-zinki la geji 28 (geji 30 ni jembamba zaidi) na dari chini yake, makuti yabaki barazani. Mnazi uwe mbali na paa. Dafu halibishi hodi.