Kabla hujapiga Windows upya, angalia betri ya bayosi

Mkuu, nimekuelewa. Una steshenari Malimbe, mashine yako ni Dell OptiPlex ya mtumba, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na sasa inaishia kwenye skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inajizima, inawaka, inarudia hivyo hivyo. Fundi kakwambia Windows imekufa, ulete flashi aipige upya. Mwombe asubiri. Humo ndani kuna ripoti za wanafunzi na kazi za wateja, na kwa dalili ulizozitaja, Windows yako kuna uwezekano mkubwa ni nzima.

Mashine za namna hii nazishika sana hapa Mwanza, nyingine huvushwa kutoka Sengerema na Ukerewe. Inaniuma kuona mtu amefutiwa mafaili yake yote kwa sababu ya betri tu.

Kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine) kuna betri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Mashine ikiwa haina umeme, hiyo ndiyo inayoendesha saa, na kwa mashine nyingi za umri wa yako ndiyo pia inayotunza mipangilio ya bayosi (BIOS, programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows). Ikichoka, umeme ukikatika bayosi inasahau ilivyopangwa na kurudia mipangilio ya kiwandani. Kwenye OptiPlex nyingi, diski kutoka kiwandani imewekwa "RAID On". Aliyekuwekea Windows huenda alibadilisha ikawa "AHCI"; hizo ni njia mbili tofauti za mashine kuongea na diski. Sasa Windows inaamka, inatafuta diski kwa draiva (programu ya kuongea na kifaa) iliyoizoea, inakuta mlango umehamishwa. Haijaharibika, imekosa njia ya kuingia.

Anza na betri. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo uichomoe. Dukani sema CR2032 na uisome mwenyewe, maana CR2025 ina upana uleule na volti zilezile lakini ni nyembamba zaidi, inaweza kulegea kwenye kishikio. Ukiwa na mita, ipime: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Angalia na kishikio chenyewe, kwa sababu mashine zinazotoka ufukweni, kule Igombe kwa mfano, nimezikuta zina kutu ya kijani kwenye pini, na hapo betri mpya peke yake haisaidii mpaka usafishe. Betri ya zamani usiiache mezani kama dukani wanaingia watoto. Mtoto akiimeza inamuunguza koo kwa muda mfupi sana, huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Ukishaweka betri, washa ukibonyeza F2 mfululizo mpaka uingie kwenye bayosi. (Mwenye HP ajaribu F10.) Kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Rekebisha tarehe na saa, kwa sababu tarehe ikiwa ya zamani hata kivinjari kitakataa kufungua tovuti nyingi, na watu hudhani bando limeisha. Kisha nenda "System Configuration", halafu "SATA Operation". Kama ipo "RAID On", weka "AHCI", hifadhi, toka. Kubadilisha hapo hakufuti faili lolote. Isipowaka, irudishe ilivyokuwa. Ila kama mashine ina diski mbili zilizounganishwa kwa RAID kwelikweli, usiguse hapo, maelezo haya si yake.

Kwa mwingine mwenye tatizo linalofanana: kama hupati skrini ya bluu ila unaambiwa tu hakuna diski ya kuwashia, tazama "Boot Sequence" (mpangilio wa kuwaka) humo humo kwenye bayosi. Windows iliyowekwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwaka) haiwaki mashine ikiwa kwenye "Legacy" (njia ya zamani), na kinyume chake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uwashe, uone. Ukigusa "Secure Boot" au TPM (vipengele vya usalama vya mashine), mashine yenye BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo hakikisha unao kwanza.

Ukiwa bado humo, tafuta "AC Recovery" kwenye "Power Management", yaani mashine ifanye nini umeme ukirudi. Kwa steshenari mimi naweka "Power Off" (ibaki imezimwa). Umeme wetu mara nyingi ukirudi unacheza, unakata tena, na mashine inayojiwasha yenyewe inapigwa katikati ya kuwaka. Inayotunza picha za kamera ndiyo naiwekea "Last State" (irudie hali iliyokuwa nayo), kwa kuwa hiyo hutaki ibaki imelala usiku kucha.

Kuna atakayekushauri usasishe bayosi. Hapana, si sasa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi inaweza isiwake tena, na bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) mimi silifanyi kabisa.

Ikishawaka, kabla ya kuchapa hata karatasi moja, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Halafu andika kwenye kipande cha karatasi "AHCI" na kama ni UEFI au Legacy, ukibandike ndani ya mfuniko wa kasha ili fundi atakayefuata akikute. Ikigoma hata baada ya haya, tuma picha ya ukurasa wa bayosi unaoorodhesha diski, tuone kwanza kama jina la diski yako linatokea.